Kaka yangu ameshinda rufaa baada ya miaka tisa gerezani. Je, atalipwa?

Swali: "Wakili, pole na kazi. Kaka yangu alikamatwa usiku akitoka kazini, akashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha na kuhukumiwa kifungo cha miaka 20. Ukijumlisha na mahabusu, amekaa ndani miaka 9. Miezi miwili iliyopita mahakama ya rufaa imemwachia huru. Majaji walisema shahidi pekee aliyemtambua alimwona gizani kwa muda mfupi, na kwamba kaka alinyimwa nafasi ya kumwita shahidi wake na hakuwa na wakili. Polisi walimsainisha maelezo ya kukiri kosa siku ya tatu baada ya kumkamata, anasema alipigwa. Amerudi hana kazi, mkewe ameolewa na mwingine, na kiwanja chetu kiliuzwa kulipia kesi. Mtu mmoja anayejiita mfuatiliaji wa madai anasema serikali inalazimika kumlipa kila aliyeshinda rufaa, ila tumpe pesa ya kuanzia. Jirani naye anasema serikali haishtakiwi, na kwamba kaka ametoka kwa ujanja wa kisheria tu. Kaka mwenyewe hasemi kitu, anakaa nje ya nyumba mpaka usiku wa manane. Nani anasema kweli? Tuanzie wapi?"

Jibu: Dada, poleni sana, wewe na kaka yako. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona ni maswali manne yaliyofungwa kwa kamba moja: kama ana haki ya fidia, kama karatasi aliyosaini inamfunga, kama jirani ana hoja, na kama mumpe yule mtu pesa. La mwisho nalijibu kwanza kwa kuwa ndilo la haraka. Msimpe. Sababu zinakuja.

Mfuatiliaji na jirani wamekosea wote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Serikali inashtakiwa, na nchi nyingi zina sheria maalumu inayoeleza namna ya kuishtaki. Lakini hakuna kanuni ya jumla inayosema kila aliyeshinda rufaa alipwe. Mtu akija ofisini kwangu na kisa kama chenu, kabla sijauliza alikaa ndani miaka mingapi, namuuliza alitoka kwa mlango gani. Miaka inaamua kiasi. Mlango ndio unaoamua kama kuna chochote cha kuhesabu.

Nieleze hiyo milango. Mtu anaweza kushinda rufaa ya kawaida, kama kaka yako. Anaweza kushindwa rufaa zote, hukumu ikawa ya mwisho, kisha miaka mingi baadaye ukajitokeza ushahidi mpya, mathalani vipimo vya DNA au nyaraka zilizofichwa na wapelelezi, kesi ikafunguliwa upya na hatia ikafutwa. Anaweza kusamehewa na mkuu wa nchi. Au anaweza kusota mahabusu, kisha mashtaka yakaondolewa bila hukumu yoyote. Wote wanne wanapokewa nyumbani kwa vigelegele vilevile, lakini sheria haiwatazami sawa.

Chanzo cha tofauti hiyo ni Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, uliopitishwa mwaka 1966 na kuanza kutumika 1976. Ibara ya 14(6) inasema, kwa ufupi, kwamba aliyetiwa hatiani kwa hukumu ya mwisho, kisha hatia hiyo ikafutwa au akasamehewa kwa kuwa jambo jipya au lililogunduliwa baadaye linaonyesha dhahiri kwamba haki ilipotoka, atalipwa fidia kwa mujibu wa sheria, isipokuwa ikithibitika kwamba yeye mwenyewe alichangia jambo hilo lisijulikane mapema. Yasome polepole maneno "hukumu ya mwisho" na "jambo jipya". Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla Namba 32 ya mwaka 2007, imeeleza wazi kwamba hatia iliyofutwa kwenye rufaa, kabla hukumu haijawa ya mwisho, haiingii katika ibara hiyo. Wala hauingii msamaha uliotolewa kwa huruma tu.

Mantiki yake ni kwamba ngazi za mahakama zimewekwa kwa sababu binadamu hukosea. Ngazi ya juu ikisahihisha ya chini, mfumo unajihesabu kuwa umefanya kazi yake. Najua maneno hayo ni machungu kwa mtu aliyeliwa miaka 9, na mimi binafsi siyapendi: aliyengoja rufaa miaka 9 na aliyefunguliwa kesi upya baada ya miaka 9 wamelala kwenye sakafu ileile. Lakini ndivyo mkataba ulivyoandikwa, na ni heri uyasikie kwangu leo kuliko kuyasikia kutoka kwa wakili wa serikali mkiwa mmeshatumia akiba yote.

Hiyo haina maana kwamba kaka amekosa. Mkataba unaweka kiwango cha chini tu, na nchi iko huru kutoa zaidi. Katiba ya Ghana ya mwaka 1992, katika Ibara ya 14, inaruhusu hata aliyeshinda rufaa ya kawaida baada ya kutumikia sehemu ya kifungo aombewe fidia kwenye Mahakama ya Juu. Ujerumani ina sheria ya tangu 1971 inayomlipa hata aliyekaa mahabusu tu kisha akaonekana hana hatia. Katiba ya Uganda ya 1995, Ibara ya 23(7), inampa fidia yeyote aliyekamatwa au kuzuiliwa kinyume cha sheria. Kwingine mkono ni mzito. Kwa Uingereza na Wales, tangu 2014 lazima ushahidi mpya uonyeshe pasipo shaka kwamba mwombaji hakutenda kosa. Wanaume wawili waliokuwa wamekaa gerezani, mmoja miaka 17 na mwenzake 7, waliipinga sheria hiyo katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Juni 2024 majaji walio wengi wakasema haivunji haki yao ya kuhesabiwa kuwa hawana hatia. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa huru kabisa, jina lake safi mbele ya sheria, na mfuko wake mtupu.

Hapo ndipo jirani yako anapopatia nafasi ya kusema "ujanja wa kisheria". Nataka nikae kidogo kwenye hoja yake, kwa sababu kaka yako ataisikia mara nyingi, na bila shaka ameshaanza kuisikia.

Haki ya kusikilizwa kwa utaratibu si pambo la kesi. Chukua utambuzi wa gizani. Watu hudhani shahidi aliyekosea lazima alidanganya. Mara nyingi hakudanganya. Aliona sura kwa sekunde chache, akiwa na hofu, macho yake pengine kwenye silaha. Baadaye akaonyeshwa mtu aliyekwisha kukamatwa, na akili yake ikajaza mapengo kwa sura hiyo mpya. Kuanzia siku hiyo anaikumbuka sura aliyoonyeshwa akiamini ndiyo aliyoiona. Ndiyo maana shahidi mkweli anayekosea ni hatari kuliko mwongo: hayumbi akihojiwa, hatoki jasho, na hakimu anamwamini. Huko Marekani, watu waliosafishwa kwa DNA tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wamechunguzwa kesi zao moja moja, na utambuzi wenye makosa ndio uliokuwa chanzo kilichojirudia kuliko vingine. Hivyo majaji wanapouliza mwanga ulikuwaje, umbali gani, muda gani, na kama shahidi alitoa maelezo ya sura kabla ya gwaride la utambulisho, wanapima ukweli wenyewe.

Shahidi wa upande wa kaka naye ni hivyohivyo. Ibara ya 14(3) ya mkataba ule inampa mshtakiwa muda na nyenzo za kuandaa utetezi, wakili wa kupewa bila malipo pale haki inapodai hivyo naye hana uwezo, nafasi ya kuwahoji mashahidi wa upande wa pili na kuwaita wa kwake, na ulinzi dhidi ya kulazimishwa kukiri. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unayagusa haya katika Ibara ya 7. Shahidi aliyezuiwa huenda ndiye angesema kaka alikuwa kazini saa ile. Hatutajua. Mizani iliyopinda ikikuonyesha kilo 10, huwezi kusema mzigo ni kilo 10, wala huwezi kusema ni 6. Unachojua ni kwamba kipimo hicho hakifai. Mahakama ya rufaa imesema hivyo. Mbele ya sheria kaka yako hana nusu hatia wala robo. Amerudi alipokuwa kabla hajakamatwa, na jirani hana zaidi ya maneno.

Sasa niwe mkweli kwako, maana hapa panateleza. Sababu zilizomfungua kaka zinaweza zisitoshe kumpatia fidia mahali ambapo sheria inataka athibitishe hakutenda. Majaji walisema ushahidi haukutosha na utaratibu ulivunjwa. Hawakusema "si yeye". Kwa mlango wa fidia ya upotokaji wa haki, hilo linaweza kuwa pengo. Lakini kuvunjwa kwa utaratibu kunafungua mlango mwingine ambao hauulizi kabisa kama alitenda au hakutenda: madai ya kuvunjiwa haki. Ibara ya 9(5) ya mkataba ule wa 1966 inampa aliyekamatwa au kuzuiliwa kinyume cha sheria haki ya fidia inayotekelezeka, na katiba nyingi zina maneno yanayofanana nayo.

Ila msikimbilie hapo mkidhani kushinda rufaa kunatosha. Kamati ileile ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla Namba 35 ya mwaka 2014, imesema kwamba mtu kuachiwa na mahakama hakufanyi peke yake kizuizi kilichotangulia kuwa haramu. Lazima muonyeshe kitendo. Hapo ndipo siku ile ya tatu ilipoanza kunishughulisha. Alifikishwa mbele ya hakimu lini? Kamati hiyo inaona saa 48 kwa kawaida zinatosha kumfikisha mtuhumiwa mahakamani, na nchi kadhaa zinataka iwe ndani ya saa 24. Kama siku ya tatu alikuwa bado kituoni, hajamwona hakimu, basi maelezo yale yalichukuliwa wakati ambao huenda hakupaswa kabisa kuwa mikononi mwa polisi. Muulizeni kwa upole, kisha linganisheni jibu lake na tarehe zilizo kwenye jalada.

Kuhusu karatasi yenyewe: kusaini hakujamfunga, lakini msidharau uzito wake. Sheria nyingi za fidia zinamnyima au kumpunguzia mtu aliyejiletea mashtaka mwenyewe. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inataka mwombaji awe hakusababisha kushtakiwa kwake kwa utovu au uzembe wake, na Japani mtu aliyekiri uongo kwa makusudi ya kuupotosha upelelezi anaweza kukosa yote au sehemu. Serikali itaitoa karatasi hiyo. Jibu lenu ni jinsi ilivyopatikana. Mkataba Dhidi ya Mateso wa mwaka 1984, Ibara ya 15, unakataza maelezo yaliyopatikana kwa mateso yasitumike kama ushahidi, isipokuwa dhidi ya mtesaji. Mjapani Iwao Hakamada alikiri baada ya kuhojiwa kwa siku nyingi, akakana mahakamani, na bado akahukumiwa kifo mwaka 1968. Alitoka gerezani 2014 na hatia yake ikafutwa Septemba 2024. Kukiri kwake hakukumzuia kulipwa, maana mahakama ilikuwa imekataa uhalali wa namna maelezo yale yalivyopatikana.

Kwa hiyo angalieni kwanza kama majaji wa rufaa walisema lolote kuhusu maelezo ya kaka. Wakisema hayakutolewa kwa hiari, hilo ni nusu ya madai yenu. Wakinyamaza, itabidi mthibitishe kipigo, na ushahidi wake haupo kwenye kumbukumbu ya kaka peke yake. Upo kwenye kadi ya matibabu ya siku alipopokewa gerezani. Upo kwenye mwenendo wa kesi, pale alipomwambia hakimu "nilipigwa" mara ya kwanza, kama alisema na kama hakimu aliandika. Mwenendo wa kesi ni ule mwandiko wa kila kilichosemwa mahakamani, tofauti na hukumu. Familia nyingi huja na hukumu pekee. Ombeni vyote viwili, kwa barua, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa.

Sasa muda, jambo ambalo limeua madai mengi mazuri kuliko ubishi wowote wa kisheria. Ujerumani mtu ana miezi 6 tu ya kuwasilisha ombi tangu aarifiwe haki yake. Uingereza na Wales ni miaka 2. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, kuishtaki serikali kunahitaji notisi ya kusudio, yaani barua ya kuijulisha kwamba utaishtaki, kabla ya kufungua kesi, na ukomo wa muda huwa mfupi kuliko wa kumshtaki mtu binafsi. Zaidi ya hapo, saa haianzi kuhesabu siku moja kwa madai yote. Dai la kushtakiwa kwa hila, yaani kwa nia mbaya na bila sababu ya msingi, huanza kuhesabiwa kesi inapoisha kwa ushindi wa mshtakiwa, yaani miezi miwili iliyopita. Hapo mko salama kidogo. Dai la kupigwa na kukamatwa isivyo halali kwa kawaida huanza siku tendo lilipofanyika. Hiyo ni miaka 9 nyuma, na huenda mlango huo umeshafungwa kama kesi ya kawaida ya madai. Madai ya haki za kikatiba mara nyingi hayana ukomo mkali namna hiyo, lakini mahakama itauliza kwa nini mlichelewa. "Nilikuwa gerezani" ni jibu zuri. Linazidi kupungua nguvu kwa kila mwezi anaokaa nyumbani.

Nikizipima njia mlizonazo, kesi ya kushtakiwa kwa hila ndiyo inayotajwa sana na ndiyo ngumu kuliko zote. Mnatakiwa kuonyesha kwamba mdaiwa ndiye aliyeanzisha mashtaka, kwamba yaliisha kwa faida ya kaka, kwamba hapakuwa na sababu za msingi za kumshtaki, kwamba kulikuwa na nia mbaya, na kwamba aliumia. Hilo la nne ndilo linalowaangusha wengi. Polisi aliyeamini shahidi wa gizani amekosea, lakini kukosea si hila. Mkiwa na ushahidi kwamba walijua si yeye, au walitunga, au kulikuwa na ugomvi wa zamani, hapo kesi inasimama. Bila hayo nisingewashauri muitegemee peke yake. Mahakimu wenyewe hawashtakiki kwa maamuzi yao ya kazi katika sehemu nyingi za dunia, na waendesha mashtaka hulindwa kwa viwango mbalimbali. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa waendesha mashtaka kinga kamili mwaka 1976 kwa kazi yao ya mahakamani.

Kwa maelezo uliyonipa, ningeelekea kwenye ombi la kikatiba au la haki za binadamu, likijengwa juu ya kunyimwa wakili, kunyimwa shahidi, maelezo ya kulazimishwa na muda wa kituoni, kama tarehe zitatuunga mkono. Faida yake ni kwamba sehemu ya kazi majaji wa rufaa wameshaifanya: wametamka kwamba haki mbili zilivunjwa. Sambamba na hilo, kama nchi yenu ina utaratibu wa kuomba malipo ya hisani serikalini, yaani yale inayotoa kwa hiari bila kulazimishwa na sheria, ombeni, ila wakili asome kwanza kila karatasi mtakayotakiwa kusaini. Mara nyingi kuna mstari unaosema hutadai tena.

Vyombo vya nje vipo, na watu huvitaja kwa matumaini makubwa mno. Sharti la kwanza ni kumaliza njia za ndani. Tume ya Afrika iliyoko Banjul hupokea malalamiko ya watu binafsi. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha humpokea mtu binafsi moja kwa moja pale tu nchi yake imetoa tamko la kukubali chini ya Ibara ya 34(6) ya itifaki yake, na nchi kadhaa zimeliondoa tamko hilo. Kamati ya Umoja wa Mataifa nayo husikiliza malalamiko dhidi ya nchi zilizojiunga na itifaki ya nyongeza. Ni njia halali, lakini huchukua miaka, na utekelezaji wa uamuzi unabaki mikononi mwa serikali ileile mliyoishtaki.

Kiasi cha pesa? Ujerumani hulipa euro 75 kwa kila siku ya kukosa uhuru, ikiwa imepanda kutoka 25 mwaka 2020, na hasara ya mali huhesabiwa kando. Japani ni kati ya yeni 1,000 na 12,500 kwa siku. Hakamada alipewa kiwango cha juu, zaidi ya yeni milioni 217, mwaka 2025. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inaweka kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka wa kifungo, au 100,000 kwa mwaka wa kungoja kunyongwa. Jimbo la Texas hutoa 80,000 kwa mwaka na malipo ya maisha juu yake, wakati majimbo mengine hayana sheria kabisa. Uingereza iliwahi hata kuwakata watu hawa gharama za chakula na malazi walizo"okoa" kwa kuwa gerezani! Mahakama ya juu kabisa ya huko ilibariki makato hayo mwaka 2007, na yalifutwa Agosti 2023 baada ya kelele zilizozuka kuhusu Andrew Malkinson, aliyefungwa miaka 17 kwa ubakaji ambao DNA ilionyesha hakuufanya. Mahali pasipo na viwango, jaji hukadiria, akiangalia uhuru uliopotea, kipato, afya, heshima na gharama za kesi.

Jaji hakadirii machozi, hukadiria karatasi. Kile kiwanja kitaingia kwenye hesabu kama mna hati ya mauzo yenye tarehe na risiti za wakili zinazokaribiana nayo. Kipato kitaingia kama kuna barua ya ajira, taarifa ya benki, au mwajiri wa zamani aliye tayari kuapa. Ndoa iliyovunjika inatajwa kwenye hati ya kiapo, lakini msiweke matumaini ya pesa nyingi hapo. Na mjue jambo ambalo mawakili huwa hatulisemi mapema vya kutosha: kushinda na kulipwa ni safari mbili. Mali za serikali kwa kawaida hazikamatwi kufidia deni la hukumu. Mnapewa hati, mnaipeleka wizarani, mnangoja bajeti, na wakati mwingine mnarudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha ofisa alipe. Msikope kwa kutegemea pesa hizo.

Nirudi kwa mfuatiliaji. Aliyewaambia kila mshindi wa rufaa hulipwa ama hajui sheria ama anajua na anawadanganya. Vyovyote vile hafai. Nchi nyingi haziruhusu asiye wakili kuandaa nyaraka za mahakama kwa malipo. Hatari kubwa zaidi ni akiwaletea hati ya uwakilishi kaka asaini, yenye kumruhusu kupokea malipo kwa niaba yake. Kaka ameshasaini karatasi moja ya kumuumiza maishani mwake. Kama hamna pesa za wakili, ulizeni chama cha mawakili, tume ya haki za binadamu ya nchi yenu, au kitengo cha msaada wa kisheria cha chuo kikuu kilicho jirani.

Na nendeni ana kwa ana, wiki hii au ijayo, kwa sababu ya ule ukomo wa muda. Jibu la kuandika kama hili haliwezi kusoma jalada lenu. Mkifika, swali la kwanza kwa wakili liwe tarehe ya mwisho ya kila dai. Asipoweza kuzitaja baada ya kusoma hukumu, tafuteni mwingine.

Jambo moja limenikaa moyoni kuliko sheria yote hii. Umeandika kurasa nzima na kaka yako hasemi kitu. Watu waliokaa ndani muda mrefu, hasa bila kosa, wengi hushindwa kulala chini ya paa, hushtuka mlango ukifungwa, hukosa la kusema na ndugu. Si kiburi wala si wendawazimu. Apelekwe kwa daktari au mshauri wa afya ya akili kwa ajili yake mwenyewe kwanza, ingawa nitakuwa mnafiki nisiposema kwamba taarifa ya daktari huyo pia ni ushahidi wa madhara.

Halafu mwulize kama anataka kudai. Kesi itamrudisha kizimbani. Wakili wa serikali atamuuliza tena alikuwa wapi usiku ule, alisaini kwa mkono gani, alipigwa na nani. Wapo ambao kusimulia mbele ya jaji anayesikiliza huwapunguzia mzigo. Wapo waliolia, wakaondoka, hawakurudi siku ya pili. Mweleze hayo mkiwa mmekaa wote huko nje anakopenda kukaa, na umwachie siku chache afikirie. Wakati anafikiri, wewe peleka barua ya kuomba mwenendo wa kesi. Hiyo haihitaji awe ameamua.